Ufunguo Uliopanda Ndege

Kama kuna mtu aliyeipenda mashine ile, ni Pascasie. Ilifika Kalemie kwa ndege mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita, imezungushiwa sponji pande zote kama yai, ikawekwa katika biro, ofisi ya shirika, katika nyumba ya zamani karibu na reli. Tangu siku hiyo Pascasie akabadilisha hata mwendo. Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na mmoja katika ofisi za serikali, mitano ya mwisho bila kuonja mshahara, kwa mashine isiyokuwa na herufi r. Barua zote za wilaya zilitoka na mapengo, na yeye alizijaza r kwa kalamu, moja moja. Sasa amepewa ordinateri, kompyuta kamili, na kiti kinachozunguka. Nani asingeringa?

Shirika lilikuwa la wageni, na kazi yake ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, upande wa Uvira, vikashuka hadi Baraka, na watu wakafuata ufuko wa ziwa kwa miguu na kwa mitumbwi ya injini mpaka Kalemie. Katika mbio hizo wengi walifika bila watoto wao, na watoto wengi walifika bila mtu. Kila mtoto aliandikwa kwenye nusu karatasi iliyoitwa fishi: namba, jina, umri, alikotoka, alama ya mwilini. Mstari wa mwisho ulijazwa baada ya siku chache, nao ndio uliokuwa na maana kuliko yote: jina la familia iliyokubali kumlea, na kijiji chake. Wengine walikwenda Kabimba, wengine Zongwe, wengine Moba, wengine wakapandishwa mpaka Pepa kwa wafugaji. Fidèle, dereva wa shirika, ndiye aliyewapeleka. Akirudi alimsomea Pascasie orodha yake, na Pascasie akaingiza yote katika mashine.

Mkuu wa biro alikuwa Monsieur Hubert, kijana mrefu kutoka Ulaya, mpole, mwenye kuona haya hata kuagiza kahawa. Yeye ndiye aliyekuja na programu, yaani yale maagizo ambayo mashine inayafuata ili ijue kupanga majina. Ilikuwa programu nzuri, ya rangi ya buluu, yenye vidirisha vinavyofunguka na kufungika. Lakini haikufanya kazi bila ufunguo. Na ufunguo wenyewe haukuwa wa chuma: kilikuwa kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya mashine. Kampuni iliyotengeneza programu hiyo ilitoa kidude kimoja kwa kila biro. Kila siku saa kumi jioni Monsieur Hubert alikichomoa, akakiweka katika mfuko wa shati, pamoja na kalamu, akaenda nacho nyumbani. Ndiyo ilikuwa amri ya kazi.

Hapo ndipo Papa Sébastien alipoingia, na disketi yake mkononi.

Papa Sébastien alikuwa mwalimu wa umeme katika shule ya ufundi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Naye alikuwa na programu yake, jina lake Daftari. Kwa sura haikuwa na lolote: maandishi meupe juu ya giza, basi. Lakini maagizo yake yote yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi arobaini, yakatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa darasa lake, na mtu yeyote aliweza kuyasoma, kuyasahihisha, na kuchukua nakala bila kulipa kitu. Sharti lilikuwa moja tu: ukitengeneza palipoharibika, urudishe ulichotengeneza, wengine nao wapate. Padri mmoja wa Moba aliifundisha kupanga watu kwa umri. Karani wa kiwanda cha simenti Kabimba aliifundisha kuchapa. Mwanafunzi mmoja Kigoma, binti ambaye Sébastien hakuwahi kumwona, aligundua kwamba ilikuwa inahesabu kila mtu mara mbili, akairekebisha, akaituma disketi kwa boti ndani ya mfuko wa sukari. Watu hawa walikuwa wametawanyika pande zote za ziwa, hawana mshahara, hawana simu, na programu yao ilizidi kupona mwaka hata mwaka. Sijui nchi nzima ilikuwa na kitu gani kingine kilichokuwa kinapona mwaka ule.

"Ya Monsieur ni nzuri, sikatae," Sébastien alisema siku ile, amesimama mbele ya meza. "Lakini ikifa, nani ataipasua tumbo aone ugonjwa? Miye sina ruhusa. Mama Pascasie hana ruhusa. Hata weye mwenyewe, Monsieur, hauna ruhusa."

Monsieur Hubert hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Hadithi hii ingekuwa rahisi kusimulia kama angekuwa mojawapo. Alimjibu kwa heshima kwamba majina ya watoto ni kitu cha hatari wakati wa vita. Wanajeshi wakiyapata, au watu wanaochukua watoto wa wenyewe, itakuwaje? Kwa hiyo lazima yafungwe.

"Kuyafunga ni vizuri," Sébastien akasema. "Miye nauliza tu ufunguo utalala kwa nani."

Monsieur Hubert alicheka, akamsindikiza mpaka mlangoni. Pascasie naye alicheka kidogo, na baadaye aliukumbuka ule mcheko wake kwa uchungu mkubwa.

Sébastien hakukata tamaa. Alimngoja Pascasie njiani, akamwomba kitu kimoja: kila jioni, kabla ya jenereta kuzimwa, ayaandike majina ya siku hiyo mara ya pili katika Daftari. Nusu saa tu. Disketi aitunze mwenyewe, ndani ya sanduku la chuma, asimwonyeshe mtu. Monsieur Hubert, alipoombwa ruhusa, alipandisha mabega: kama Pascasie anapenda kufanya kazi mara mbili, shauri yake.

Pascasie aliahidi. Na wiki mbili alifanya kweli, mpaka mtoto wa mia moja arobaini na tatu.

Halafu akaacha. Haikuwa siku maalum, wala hakukaa chini akaamua. Jioni moja alichoka. Jioni ya pili mtoto wa kaka yake alikuwa na homa. Jioni ya tatu aliitazama ile programu nyeusi ya Papa Sébastien, akaitazama ya buluu, akaona kama anarudishwa kwenye mashine isiyokuwa na r. Kila Jumamosi Sébastien alipompita sokoni alimwuliza, "Mama Pascasie, tumefika wapi?" naye akamjibu, "Tunaendelea, Papa." Alimjibu hivyo Jumamosi saba.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mwanamke mmoja wa Baraka alimleta mtoto wa kike wa miaka mitatu. Huyo mwanamke alikuwa na watano wake, mmoja mgonjwa, na boti ya Kigoma ilikuwa inamngoja. Alisema mtoto si wake, ni wa jirani yake Julienne. Julienne alikuwa amemtupia mtoto mikononi mtumbwi ukiwa tayari unaondoka, yeye mwenyewe akabaki majini mpaka kifuani, kwa sababu hapakuwa na nafasi tena. Mtoto aliitwa Pélagie. Alikataa kukaa kwenye benchi, akakataa biskuti, akakataa kila mtu. Basi Pascasie akamweka mapajani ili aweze kuandika, na mtoto akanyoosha kidole, akabonyeza herufi k, asiiachie. Zikatoka k mstari mzima, halafu mstari wa pili. Mtoto akaitazama ile safu inayokimbia, akacheka kwa mara ya kwanza. Pascasie alimwacha achezee kidogo, kisha akazifuta, akaendelea na kazi. Siku nne baadaye Fidèle alirudi, akasoma orodha yake, na Pascasie akaandika mahali Pélagie alipopelekwa. Aliandika mwenyewe, kwa vidole vyake. Siku ile alikuwa ameandika mahali pa watoto thelathini na mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili habari za vita zilikaribia, na Monsieur Hubert akatoa amri kwamba fishi zote zichomwe moto. Mashine inayo yote, alisema, na mashine imefungwa. Karatasi mtu yeyote anaweza kuzisoma. Akampa Pascasie katoni nzima na kiberiti.

Ili kuelewa alichofanya Pascasie, lazima ujue Kalemie ya miaka ile ilivyokuwa na njaa ya karatasi. Walimu waliwaandikia watoto mitihani kwenye vipande vya mifuko ya simenti ya Kabimba. Hakuna karatasi ya ofisi iliyokufa kwa moto katika mji ule. Makarani hawakulipwa, na karatasi ndiyo mshahara pekee waliouona, kwa hiyo kila faili lililochoka lilimalizikia sokoni, limezungushwa kuwa pembe ya karanga au limefunga mikate ya mafuta. Ulinunua karanga, ukasoma hukumu ya mahakama ya mwaka wa sitini na nane, ukatafuna huku ukimsikitikia mshtakiwa. Watu wote walifanya hivyo, na hakuna aliyeona aibu. Na sasa Pascasie amepewa karatasi mia nne na zaidi, ngumu, safi kabisa upande mmoja, na kiberiti. Alisimama nyuma ya biro muda mrefu. Kuzichoma kulimwuma kama kumwaga unga. Mwishowe akaifunika katoni kwa kitenge, akaipeleka nyumbani kwa wifi yake Hortense, mke wa kaka yake, muuza karanga bandarini.

"Wifi, Mungu akubariki," Hortense alisema, akiupima ugumu wa karatasi kwa kidole. "Hizi zitasimama vizuri."

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, ndege ndogo ilikuja kuwachukua wageni wote. Walipewa saa moja. Monsieur Hubert alilia, akamkumbatia Pascasie, akamwachia funguo za nyumba, funguo za gari, hata saa yake ya mkononi. Ile ndege ilikuwa imekwisha kuinuka juu ya ziwa wakati Pascasie alipokumbuka mfuko wa shati.

Pascasie hakuamini kwamba Monsieur Hubert aliiba, wala mimi siamini. Kidude alikichomoa jana yake saa kumi, kama kila siku, na asubuhi akavaa shati lilelile.

Kabla wanajeshi waliokuwa wanakimbia hawajafika kwenye nyumba za shirika kuvunja milango, Pascasie na Papa Sébastien walikuwa wameitoa mashine kwa mkokoteni, imefunikwa kwa majani ya muhogo, wakaificha darasani kwake. Walijiona mashujaa. Fidèle alikamatwa barabarani pamoja na gari, akalazimishwa kuwaendesha wanajeshi kuelekea kusini, na hajaonekana tena mpaka leo. Ile orodha yake alikuwa nayo mfukoni.

Vita vilipita mjini, wanajeshi wapya wakaingia. Mwezi wa tatu boti za Kigoma zikaanza tena, na katika moja alishuka Julienne.

Alikuwa mwanamke mwembamba, hajafika miaka thelathini, mwenye mfuko mmoja wa nailoni begani. Watu walimwelekeza shule ya ufundi. Alimkuta Pascasie kwenye baraza, akamsalimu kwa kupiga goti, jambo lililomtia Pascasie aibu.

"Mama, niko natafuta mutoto wangu, jina yake Pélagie," alisema. "Jirani yangu nilimukuta Kigoma, kwenye kambi. Ameniambia alimuleta kwenu, na mukamuandika. Amesema alimuona ndani ya ordinateri, namba na jina, kwa macho yake."

"Ni kweli, tulimuandika," Pascasie akasema. "Namukumbuka. Alicheka."

"Alicheka?" Julienne akaketi chini kabisa, kwenye saruji. "Mungu wangu, alicheka. Sasa iko wapi?"

Hapo Pascasie alifumba macho, akatafuta. Aliuona uso wa mtoto. Alikiona kidole kwenye herufi k, ukucha wenye uchafu mweusi, alisikia uzito wake mapajani. Lakini kijiji hakukiona. Zongwe? Kabimba? Aliyataja yote kimya, na yote yalifanana. Mtu hukumbuka kilichomgusa, na lile jina la kijiji halikumgusa popote, lilipita kwenye vidole tu.

Papa Sébastien aliwasha jenereta kwa mazutu ya mwisho aliyokuwa nayo. Mashine iliamka vizuri, ikaonyesha ile buluu yake, halafu ikasema kwa Kifaransa cha adabu: tafadhali chomeka ufunguo. Julienne, ambaye hakujua kusoma, alimtazama Pascasie usoni ili asome hapo.

"Mashine imefungwa, mama. Mwenye ufunguo amekwenda nao Ulaya."

"Imefungwa namna gani? Mutoto wangu iko ndani."

Sébastien alihangaika na mashine siku tatu, akiomba mazutu lita kwa lita kwa watu wa bandarini. Alilifungua faili lenyewe kwa njia za pembeni, na kilichotoka kilikuwa alama zilizovurugwa, pua na mikia ya herufi, kurasa na kurasa. Kitu pekee kilichosomeka ndani yake kilikuwa jina la kampuni iliyotengeneza programu. Anwani ya Monsieur Hubert hawakuwa nayo, basi akaiandikia kampuni barua, akaituma kwa boti mpaka Kigoma, na mtu wa Kigoma akaituma mbele. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja: kampuni inasikitika sana, ufunguo mpya utatolewa kwa mwenye mkataba, tafadhali taja namba ya mkataba. Sébastien aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema neno la Kiholoholo, lugha ya kwao, ambalo sitaliandika hapa.

Halafu akamgeukia Pascasie, uso ukimng'aa.

"Lakini tuko na Daftari! Lete disketi, mama. Kichwa yangu imezeeka, namna gani sikufikiri mbele?"

Pascasie alikuwa ameiogopa siku hiyo tangu Julienne alipopiga goti. Alikwenda nyumbani, akarudi na sanduku la chuma, akampa. Daftari likafunguka mara moja, bila kuombwa, jeupe juu ya giza. Sébastien akaandika Pélagie. Hapana. Akaandika Baraka. Wakatoka watoto kumi na tisa, wote wavulana na wasichana wakubwa. Akaomba orodha nzima. Majina yakateremka, kila moja na familia yake na kijiji chake, safi kabisa, mtoto wa mia moja arobaini, na moja, na mbili, na tatu. Hapo ikasimama.

Sébastien alibonyeza tena. Ikasimama palepale. Aliuweka mkono juu ya meza, na Pascasie akatamani amtukane. Zile Jumamosi saba zilisimama kati yao.

"Ulikuwa umechoka, mama," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. Hiyo ndiyo iliyomvunja Pascasie. Alilia pale mbele ya mashine aliyoipenda, akailaani, akajilaani zaidi.

Julienne hakuambiwa. Kila asubuhi alikuja, akakaa kwenye benchi la baraza, mfuko wake magotini. "Leo imefunguka?" "Bado, mama." Alikuwa amepata pa kulala kwa watawa, alifua nguo zao, na saa sita alirudi tena. "Imefunguka?" Watu wa shule walianza kupita upande wa pili ili wasimwone.

Ilibaki njia moja, na Pascasie aliijua. Alikwenda bandarini kwa wifi yake.

"Yale makaratasi?" Hortense akasema. "Wifi, yaliisha. Zimebaki pembe hizi nne, nazo ni za kitabu cha dini. Kwani yana nini?"

Pascasie alimwambia. Hortense alishika kichwa kwa mikono miwili, akaacha karanga zake kwa jirani bila hata kuzifunika. Wanawake wale wawili walilizunguka soko lote na bandari yote. Waliinama chini ya meza, waliingia kwenye mitaro, waligonga nyumba za watu wakiuliza: Hamkununua karanga? Karatasi mliifanyaje? Watu waliwacheka, halafu waliposikia sababu wakaacha kucheka, wakatafuta pamoja nao. Lakini nani anatunza karatasi ya karanga? Moja waliikuta imebandikwa ukutani chooni. Mbili zilikuwa kwa mwanafunzi aliyefanyia hesabu upande safi. Moja ilikuwa imetafunwa na mbuzi mpaka kwenye jina. Kwa siku sita walipata kumi na moja. Watoto kumi na mmoja waliookotwa kwenye takataka, na Pélagie hakuwa miongoni mwao.

Siku ya saba Pascasie hakumwambia Julienne "bado." Aliketi kwenye benchi kando yake, akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho: disketi, uvivu wake, uongo wake wa Jumamosi, kiberiti, katoni, karanga. Hakuongeza kitu cha kujitetea, kwa sababu hakukipata. Aliongea akiitazama miguu yake. Alipomaliza alingoja kofi.

Julienne akauliza, "Karanga za bandarini? Za yule mama munene, mwenye meza ya buluu?"

"Huyo njo wifi yangu."

Julienne alifungua mfuko wake wa nailoni, akaingiza mkono mpaka chini, chini ya nguo ya mtoto na kikombe cha plastiki, akatoa pembe ya karatasi iliyofungwa juu vizuri, haijaguswa.

"Nilishuka boti, nikanunua," alisema. "Pélagie anapenda karanga. Nilisema sitafika kwake mikono mitupu." Akaishika pembe ile kwa mikono miwili. "Mama Pascasie. Miye sijui kusoma."

Pascasie hakuthubutu kuipokea. Julienne alizimimina karanga kwenye benchi, zilizokwisha kulegea kwa unyevu wa wiki zote zile, akamkabidhi karatasi, akamkazia macho. Ilikuwa fishi. Ilikuwa nzima, na mstari wa mwisho ulikuwepo. Kwa muda wa pumzi moja Pascasie aliamini, na aliona kwamba Julienne naye ameamini, kwa sababu midomo yake ilikuwa imeanza kucheka.

"Namba mia mbili na kumi na mbili," Pascasie alisoma. "François. Mwanaume. Miaka saba. Ametoka Fizi. Kovu ya moto mkono wa kushoto. Amepelekwa Kabimba, kwa Papa Bonaventure, fundi wa tanuri la chokaa."

"Na Pélagie?"

"Hapana Pélagie, mama. Ni huyu peke yake."

Julienne alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei asiyoiweza. Kilio kilimtoka kifuani bila machozi, sauti moja nzito, kikakatika. Wanafunzi walitoka madarasani, wakarudi ndani. Pascasie alitaka kumshika mkono, akaogopa, halafu akaushika.

"Huyu François," Julienne alisema, "mama yake amekuja kumuuliza?"

"Bado. Hajakuja mutu."

"Atakuja. Muandike. Sasa hivi, miye nikiona."

Waliingia darasani. Sébastien akawasha jenereta. Pascasie aliandika katika Daftari, chini ya wale kumi na mmoja wa sokoni: François, Fizi, kovu, Kabimba, Papa Bonaventure. Julienne alisimama nyuma ya kiti chake, akafuata kwa macho kila herufi asiyoweza kuisoma, na alipoambiwa imekwisha akaomba isomwe tena, ili awe na hakika. Kisha akasema anakwenda. Boti ya Zongwe ilikuwa inaondoka saa nane. Pascasie alikuwa amemtajia vijiji vyote; ataanzia huko, nyumba kwa nyumba. Asipompata atashuka Moba, atapanda Pepa, na kurudi atapita Kabimba. Mtoto wa miaka mitatu husahau jina lake haraka, alisema, lakini yeye hatamsahau uso.

Pascasie alimsindikiza mpaka kwenye lango. Aliporudi barazani, karanga zilikuwa bado juu ya benchi. Kitenge cha Julienne kilikuwa na pindo refu, angeweza kuzifunga humo kama wanawake wote wanavyofanya. Hakuzichukua.